Kudai njia ya waenda kwa miguu Mombasa: kuanzia mtaro ulio wazi hadi kabro ya mwisho

Ni nadra ofisi yoyote kulikataa waziwazi ombi la njia ya waenda kwa miguu. Kinacholiua ni kwamba limepelekwa kwa asiye na barabara, au limefika Mei ilhali mafungu yaligawanywa Februari, au barabara yenyewe ni mpaka wa wadi mbili na kila mwakilishi anaamini ni kazi ya mwenzake. Maelezo haya yanafuata kazi ilivyo: kumjua mwenye barabara, kuijua wadi, kuhesabu na kupima, kuandika, kuwahi kalenda ya bajeti, kisha kusimama na mwanakandarasi hadi amalize. Mifano ni ya Mombasa, lakini sheria ni za Kenya nzima.

Barabara ni ya nani?

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki, maegesho na mipango ya matumizi ya ardhi. Barabara kuu zimebaki kwa serikali ya kitaifa, chini ya mamlaka zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Kwa hapa kwetu, barabara ya Nairobi inayopita Changamwe na Miritini, ile ya Malindi inayopita Bamburi hadi daraja la Mtwapa, ya Likoni kwenda Lunga Lunga, na ya Dongo Kundu ziko kwa KeNHA. Barabara za ndani ya mitaa, nyingi ni za kaunti. Zinazosumbua ni zile za katikati: unakuta kaunti inafagia na kutoza maegesho, kumbe aliyetia lami ni KURA na ndiye mwenye daftari la matengenezo. Hapo ndipo barua huzunguka mwaka mzima.

Usikisie wala usitegemee kauli ya mtu steji. Andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inaruhusiwa kuwa ya Kiswahili, kuipokea hakutozwi ada (watakutoza gharama ya kunakili tu), na ofisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kujiongezea siku 14 kwa sababu itakayokueleza. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Uliza mambo matatu tu: nani anasimamia barabara hii kutoka pointi A hadi pointi B; hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara, ina upana wa mita ngapi; na je, kuna kandarasi au mpango wowote juu yake kwa sasa. Peleka kaunti na KURA siku moja, na nakala yako ipigwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Bila muhuri huo huna siku 21 za kuhesabu. Wakinyamaza au wakikataa, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ijulikanayo kama Ombudsman, ndani ya siku 30.

Swali la hifadhi ya barabara lina uzito kuliko linavyoonekana. Hifadhi ikiwa mita 9 na kuta zimeingia mita moja kila upande, mhandisi atakuambia hakuna nafasi, na kwa anachokiona pale atakuwa sahihi. Ukiwa na upana rasmi mkononi, mazungumzo yanahama kutoka «hakuna nafasi» hadi «nafasi imekaliwa na nani».

Wadi yako, na mipaka inayopita katikati ya lami

Mombasa ina wadi 30 katika maeneo bunge sita. Changamwe, Likoni, Nyali na Mvita zina wadi tano kila moja, Jomvu tatu, Kisauni saba: Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga, Magogoni na Shanzu. Wengi huijua wadi wanayopigia kura, nayo si lazima iwe wadi wanayoishi. Mtu aliyejiandikisha Majengo kabla ya kuhamia Kadzandani bado yuko kwenye sajili ya Majengo mpaka ahamishe. Kwa suala la barabara, kinachohesabika ni mahali barabara ilipo. Thibitisha kwa ramani ya wadi ya IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, na kwa msimamizi wa wadi, wote wawili, kwa sababu majina ya mitaa hayafuati mistari ya ramani.

Barabara ikiwa ndiyo mpaka, andaeni ombi moja tu, na wawakilishi wadi wote wawili watie sahihi ukurasa mmoja. Maombi mawili ya upande mmoja mmoja hutoa nusu njia: pevimenti inayoishia ghafla kwenye kona, na watoto wanarudi barabarani. Ombeni pia mradi uorodheshwe chini ya idara ya uchukuzi ya kaunti, usiwekwe chini ya wadi. Ukiwekwa kwenye wadi moja, mwaka unaofuata jirani hatautetea.

Kuna wanaompelekea mwakilishi wadi ombi la kubadilisha mpaka wenyewe. Bunge la kaunti halina mamlaka hayo. Kifungu cha 89 cha Katiba kimeipa kazi hiyo IEBC, ifanywe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Mipaka tunayoitumia ilitoka 2012, pale Changamwe ilipozaa Jomvu na Kisauni ikazaa Nyali. Miaka 12 ilitimia Machi 2024 tume ikiwa haina makamishna. Wapya waliapishwa Julai 2025. Ukaguzi ukikamilika chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027.

Memoranda ya mipaka inahitaji hesabu, nayo ni rahisi kuifanya nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Gawanya kwa maeneo bunge 290, unapata wastani wa watu 164,015. Katiba inaruhusu jiji kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, yaani kati ya watu 98,409 na 229,621 hivi. Sasa tazama Mombasa: Changamwe 131,882, Mvita 154,171, Jomvu 163,415, Nyali 216,577, Likoni 250,358, Kisauni 291,930. Mbili za mwisho zimevuka kikomo cha juu. Hoja hiyo inasimama yenyewe, bila kumtaja mwanasiasa yeyote.

Baada ya idadi, tume inatakiwa kuangalia sura ya nchi na vituo vya mji, maslahi na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni wa wakaazi, na njia za mawasiliano. Hiki cha mwisho kinasahauliwa. Kama nusu ya wadi hufika ofisi ya wadi kwa kuvuka mkono wa bahari au barabara kuu isiyo na kivukio, liandikeni hilo kwa mita na dakika. Uamuzi ukishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, na mahakama ina miezi mitatu ya kuamua.

Kuhesabu na kupima

Hapa ndipo muda wenu mwingi uende. Mhandisi hawezi kuipangia bei «hali mbaya».

Hesabuni watu siku mbili za kazi, Jumanne na Jumatano zikiwezekana, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi hadi saa moja jioni. Ongezeni Ijumaa adhuhuri kama kuna msikiti karibu, lakini iandikeni peke yake. Mkiichanganya na siku za kawaida mtaulizwa na hesabu yote itatiliwa shaka. Msihesabu wakati shule zimefunga wala mwezi wa Ramadhani. Gawanyeni kwa robo saa, na kila robo saa iwe na safu tofauti za watoto wa shule, watu wazima, baiskeli, mikokoteni, na wenye viti vya magurudumu au mikongojo. Mikokoteni ina safu yake kwa sababu hamali hawezi kupanda pevimenti. Akikosa nafasi anabaki kwenye lami na kusukuma magari upande wa watoto.

Kwa vipimo, tumieni tepu ndefu ya fundi, ile ya mita 30, na mpime kila mita 20: upana wa lami, upana wa nafasi hadi ukutani, kina na upana wa mtaro, na kila kizuizi, iwe nguzo ya stima, kibanda, ngazi ya duka au gari linaloegeshwa palepale kila siku. Pigeni picha mara mbili, siku kavu na asubuhi baada ya mvua kubwa ya masika. Mtaa unaojaa maji hauhitaji kabro (matofali ya kulaza njiani) kwanza, unahitaji mtaro, na ombi linalosahau hilo litazaa njia itakayofukiwa mchanga mwaka wa kwanza.

Mjue mnachokidai. Njia ya miguu iachiwe mita 2 wazi, bila nguzo wala meza ya biashara ndani yake. Ukingo usizidi milimita 150, na mahali pa kushukia mteremko uwe 1 kwa 12, yaani ukingo wa milimita 150 unahitaji mteremko wa mita 1.8. Njia ya baiskeli ya upande mmoja nayo ni mita 2. Nguzo fupi za kuzuia magari ziachane kwa mita 1.2: kiti cha magurudumu kinapita, tuktuk haipiti. Bodaboda itapita, na hakuna nguzo inayoweza kuizuia bila kumzuia na mwenye kiti. Hilo ni la askari.

Kuhusu kivukio, kuna hesabu ambayo maofisa huielewa mara moja. Mtu mzima anatembea mita 1.2 kwa sekunde, hivyo lami ya mita 14 humchukua karibu sekunde 12. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kikomo cha kisheria mjini, linakula mita 160 na zaidi katika sekunde hizo. Likienda 80, ni kama mita 260. Simameni pale na mwangalie: je, mtu anaweza kuiona mita 260 ya barabara kutoka alipo? Kukiwa na kona au lori lililoegeshwa, jibu ni hapana, na rangi nyeupe peke yake haitamwokoa mtu. Ombeni kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2, ili avuke nusu nusu, na tuta bapa ambalo kivukio kinapita juu yake.

Kuandika ombi

Haki ya kuliandikia bunge la kaunti imo katika Kifungu cha 37 cha Katiba na Sehemu ya 15 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Utaratibu wake uko katika sheria ya 2020 ya maombi kwa mabunge ya kaunti. Ombi liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lielekezwe kwa bunge kupitia karani, liseme kama mlishakwenda kwa ofisi husika na mkajibiwa nini, liseme kama kuna kesi mahakamani juu ya jambo hilo, na limalizike kwa kutaja mnachotaka. Kila anayetia sahihi aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho. Asiyeandika aweke kidole gumba.

Makosa yanayorudisha maombi ni yale yale. Karatasi za sahihi hazina kichwa cha ombi juu yake, kwa hiyo zinaweza kuwa za jambo lolote. Kuna maneno yaliyofutwa kwa kalamu. Hakuna ushahidi wa barua ya kwanza, ndiyo maana ule muhuri wa mapokezi ni mali. Na tafadhali, karatasi yenye nambari za vitambulisho vya majirani isipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la mtaa.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayoamua. Linganisha:

«Tunaomba serikali iangalie hali ya barabara yetu na kuirekebisha haraka.»

na

«Tunaomba bunge liitake idara ya uchukuzi: (a) kufunika mtaro ulio wazi wa mita 340 kati ya lango la shule na steji, upande wa mashariki, (b) kujenga njia ya miguu ya mita 2 juu yake, (c) kuweka kivukio kimoja kilichoinuliwa mbele ya lango, (d) kuingiza kazi hizi katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ujao na kutuandikia makadirio ya gharama.»

La kwanza litajibiwa kwa «tumepokea». La pili linaweza kujibiwa kwa ndiyo au la kwa kila herufi. Likishasomwa bungeni linakwenda kwa kamati. Muulize karani ni kamati gani, na ripoti inatakiwa lini, kisha mwe pale siku wanayokaa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge na kamati zake kufanya vikao hadharani.

Kalenda ya pesa

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao ofisini utasikia wakiuita ADP, hufikishwa bungeni kufikia 1 Septemba, na huwa ni wa mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata. Mwelekeo wa bajeti wenye vikomo vya kila idara hufika kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe 30 Aprili, na bunge huyapitisha kufikia 30 Juni.

Maana yake: ukitaka kitu kijengwe katika mwaka wa 2027/28, ombi liwe limefika kabla ya Agosti 2026 kwisha. Watu hujitokeza kwa wingi kwenye mikutano ya Mei, wakati kilichobaki ni kusogeza kidogo hapa na pale ndani ya vikomo vilivyofungwa. Mkutano wa Februari, ambao huwa na viti vitupu, ndio wenye nguvu.

Mkutanoni, ongea, lakini pia acha karatasi ya ukurasa mmoja na uandikishe kwamba umeiwasilisha. Maneno ya mdomo hufupishwa kuwa «wakaazi waliomba barabara». Baadaye omba ripoti ya ushirikishwaji wa umma na utafute pendekezo lako ndani yake.

Jihadharini na bajeti ya ziada katikati ya mwaka, hapo ndipo miradi midogo isiyo na mtetezi huondolewa kimyakimya. Na kuna njia ya mkato halali: kupaka upya rangi ya kivukio au kurudisha mfuniko wa mtaro ni matengenezo, wala si mradi wa maendeleo. Havingoji Mpango wa Mwaka. Viombeni kwa barua ya peke yake kwa mhandisi, msivifunge pamoja na ombi kubwa.

Jengo likitaka kuziba njia

Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna ujenzi bila kibali cha kaunti, na mwombaji anatakiwa kuuarifu umma. Ukiona tangazo la mradi au la kubadilisha matumizi ya kiwanja kwenye kichochoro mnachopita, soma siku zilizotajwa na upeleke pingamizi kwa maandishi. Usichelewe kwa kudhani kaunti italala: mwombaji asipojibiwa ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba amepewa kibali. Kibali kikishatolewa, mwenye maslahi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, kwa hiyo nakala iende pia kwa ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa.

Mwanakandarasi akishafika

Pigeni picha bango la mradi siku ya kwanza: jina la kampuni, thamani, muda. Kisha ombeni orodha ya kazi na vipimo kwa sheria ile ile ya habari. Mara nyingi mradi wa «ukarabati wa barabara» hauna mstari hata mmoja wa njia ya miguu, na mwanakandarasi hatajenga asicholipwa. Likigunduliwa wiki ya pili linaweza kurekebishwa kwa maandishi ya mhandisi. Likigunduliwa siku ya kukabidhi, imetoka hiyo.

Vitu vya kutazama kwa macho yenu. Kabro ya watembea kwa miguu ni milimita 60. Mahali magari yanapovuka kuingia uani iwe 80, la sivyo itadidimia na kushika maji. Chini yake kuna mchanga uliosawazishwa juu ya tabaka la kokoto lililoshindiliwa, na fundi anayelaza kabro juu ya udongo mtupu anaonekana bila kuwa mhandisi. Vifuniko vya mtaro viwe vya zege, kwa kuwa vya chuma huishia kwa wauza vyuma chakavu, na nondo zifunikwe na zege la milimita 40 hadi 50. Hewa ya chumvi hapa pwani hupenya zege jembamba, chuma kinavimba kwa kutu na kifuniko kinapasuka kutoka ndani. Kila vifuniko kadhaa kiwepo kimoja chenye matundu ya kuinulia. Pasipo hicho wazibuaji watavunja vifuniko kwa nyundo mvua ya kwanza.

Kazi ikikabidhiwa, kandarasi huwa na kipindi cha dhamana ya kasoro, kwa kawaida miezi 6 au 12, ambapo sehemu ya malipo huzuiliwa. Muulizeni mhandisi tarehe ya mwisho kwa maandishi. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo tembeeni njia nzima na tepu na kamera, orodhesheni kila kabro iliyodidimia na kila kifuniko kilichopasuka kwa mita zake kutoka mwanzo wa njia, na mpeleke orodha kwa mhandisi, nakala kwa mwakilishi wadi, au kwa wote wawili kama barabara ni mpaka. Pesa iliyozuiliwa ikishaachiliwa, kila kasoro iliyobaki inarudi kwenye foleni ya bajeti ya Septemba.